Sheli si moja: Skripti inayofaa hapa yaweza kuharibu kule

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

UKITAJA sheli hapa Igoma, kando ya barabara iendayo Musoma, wengi watadhani unazungumzia kituo cha mafuta. Kwa mafundi wa kompyuta, sheli ni programu inayopokea amri zilizoandikwa na kuzitekeleza. Amri kadhaa zikipangwa katika faili moja huitwa skripti.

Sheli ziko za aina nyingi, wala hazielewani kwa kila jambo. Bash, iliyoanza kutolewa mwaka 1989, ina nyongeza ambazo Dash, iliyo ndogo na nyepesi, haizitambui. Tofauti hiyo ilidhihirika Oktoba 2006, pale Ubuntu toleo la 6.10 lilipoiweka Dash mahali pa Bash kwa jina la /bin/sh, ili kompyuta ziwake haraka. Skripti nyingi zilizokuwa zikitegemewa zilikwama.

Hata hivyo, skripti inayokwama humwonya mwenyewe. Ya hatari ni ile inayoendelea kana kwamba mambo ni shwari. Tuchukulie shule inayohifadhi alama za wanafunzi kwa mstari huu:

tar -cf mpya.tar alama &> ripoti && rm zamani.tar

Kwa Bash, maana yake ni kutengeneza nakala mpya, kuandika taarifa zote katika ripoti, na kufuta nakala ya zamani endapo tu ile mpya imefanikiwa. Dash huisoma alama ya & kuwa mwisho wa amri ya kwanza. Kazi ya kunakili huachwa ijiendeshe kando, ripoti hubaki tupu, na nakala ya zamani hufutwa papo hapo. Umeme ukikatika wakati huo, au diski ikiwa imejaa, shule haina akiba tena.

Kinga ni kufuata kanuni za POSIX, zilizowekewa sheli mwaka 1992. Badala ya &> ripoti, andika > ripoti 2>&1. Unapolinganisha maneno ndani ya mabano, tumia alama moja ya =, si mbili. Ikiwa nyongeza za Bash ni za lazima, mstari wa kwanza uwe #!/bin/bash, si #!/bin/sh.

Programu ya checkbashisms, itokayo Debian, huonyesha mistari yenye kasoro za namna hii. Baada ya kuitumia, iendeshe skripti kwa Dash juu ya mafaili ya majaribio, kabla hujairuhusu kufuta nakala halisi.