Rekodi za Mawe, Tofali na Zege

Mwambie fundi wa leo amwage paa la upana wa mita 43 bila nondo hata moja, atakuuliza kama unataka kumfunga jela. Warumi walilimwaga. Pantheon ya Rome, iliyokamilika karibu mwaka 126 zama za mfalme Hadrian, ina kuba la kipenyo cha mita 43.3, na mpaka leo hakuna kuba la zege tupu lililolipita.

Siri iko kwenye kokoto. Chini, kwenye msingi, waliweka mawe mazito ya travatini. Walivyopanda wakahamia kwenye tufu, jiwe jepesi zaidi, na vipande vya tofali, na juu kabisa wakachanganya pumisi, jiwe la volkano jepesi kiasi cha kuelea majini. Unene nao ukapungua, kutoka mita 6 hivi kwenye kitako cha kuba hadi mita 1.2 juu. Katikati, ambako uzito ungesumbua zaidi, hawakuweka kitu: kuna tundu wazi la mita 8 hivi, na mvua ikiingia hutoka kupitia vitundu vya sakafuni. Saruji ya kisasa hawakuijua, maana Joseph Aspdin wa Leeds aliipatia hataza mwaka 1824. Wao walitumia chokaa na majivu ya volkano.

Chokaa pwani yetu tunaijua. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, ilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogelea la pembe nane. Mawe yake ni matumbawe, na chokaa iliyoyashika ilitokana na matumbawe hayohayo, yakichomwa juu ya magogo. Lakini rekodi inayonivutia mimi ni ya udogo. Katika majumba ya kale ya Lamu, Unguja na Kilwa chumba chaweza kuwa kirefu utakavyo, ila upana kwa kawaida haufiki mita 3. Paa la mawe na chokaa lina uzito wa kutisha, nalo lilibebwa na boriti za mikoko, ambazo zikirefushwa kupita hapo hupinda. Sultani aliyeshika biashara ya dhahabu ya Sofala hakuweza kununua mkoko wa kumpa ukumbi mpana. Njia ya kuukwepa mpaka huo ilikuwa kuba, na ndiyo iliyofuatwa kwenye sehemu iliyoongezwa ya Msikiti Mkuu wa Kilwa.

Zimbabwe Kuu hawakutaka hata chokaa. Ukuta wa nje wa boma lake kuu, wenye mzingo wa mita 250 hivi na urefu unaofika mita 11, ni mawe ya matale yaliyopangwa tu.

Tofali lilifika mwisho wake Chicago. Nusu ya kaskazini ya jengo la Monadnock, iliyokamilika 1891, ina ghorofa 16 zinazobebwa na kuta za tofali, na ili kuzibeba kuta hizo zikawa na unene wa karibu mita 1.8 pale chini. Ghorofa ya chini ndiyo yenye kodi nzuri, nayo ndiyo iliyoliwa na ukuta. Tena jengo lilizama ardhini kuliko walivyokadiria. Nusu ya kusini ilipojengwa miaka miwili baadaye, walitumia fremu ya chuma.

Zege lina adui wa aina nyingine. Halikauki kama nguo: saruji na maji huungana, na muungano huo hutoa joto. Bwawa la Hoover, Marekani, lilimeza mita za ujazo milioni 2.5 hivi, na wahandisi walikadiria kwamba likimwagwa kwa mkupuo lingechukua zaidi ya miaka 100 kupoa, huku likipasuka. Kwa hiyo kuanzia 1933 walimwaga vipande vipande, wakipitisha humo mabomba ya maji baridi ya zaidi ya kilometa 900, kisha mabomba yenyewe wakayajaza uji wa saruji. Hadithi ya vibarua waliozikwa ndani ni porojo. Kila ndoo iliinua zege inchi chache tu. Leo Bwawa la Three Gorges la China limelizidi la Hoover mara kumi, kwa zaidi ya mita za ujazo milioni 27.

Burj Khalifa ya Dubai, mita 828, ilisukumiwa zege kwa pampu hadi juu ya mita 600. Wakati wa kiangazi walimwaga usiku, kwa maji yenye barafu.

Kwenye Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, pampu haikuwa na kazi kwenye tuta kuu. Zege lake lina maji machache mno: malori hulimwaga, matingatinga hulisambaza, rola hulishindilia, tabaka juu ya tabaka, hadi kimo cha mita 131. Fundi wetu wa mtaani, yule anayeongeza ndoo ya maji ili zege lisukumike kirahisi kwa koleo, angelitazama na kusema bado halijachanganywa.