Muujiza Maana Yake Nini?

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: mtu akiombewa, si aache dawa?

Tuanze na nyavu, maana hizo sisi wa Luanda Kotieno tunazijua. Katika Luka 5 Simoni na wenzake wamekesha ziwani bila kupata kitu, na asubuhi wako ufuoni wanaosha nyavu. Mvuvi wa omena anaijua asubuhi kama hiyo: mafuta ya taa yamekwisha, deni limebaki. Yesu akawaambia washushe tena. Samaki wakajaa hadi nyavu zikaanza kukatika, ikabidi waite wenzao wa mashua ya pili. Lakini sikilizeni mwisho wake. Siku waliyopata samaki kuliko siku zote ndiyo siku waliyoacha kila kitu wakamfuata. Kama muujiza ungekuwa samaki tu, si wangebaki pale wakiuza? Ndiyo sababu Yohana anaita mambo haya ishara. Ishara humwonyesha yule aliyeiweka. Na wale walioshiba mikate katika Yohana 6 walipomtafuta tena, Yesu aliwaambia wazi kwamba wamefuata tumbo.

Sasa lile swali. Wakoma kumi wa Luka 17 walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, kwa kuwa Sheria ya Musa iliwapa makuhani kazi ya kumkagua mtu na kutangaza kwamba amepona. Kumbe Yesu hakuogopa vipimo! Basi aliyeombewa naye arudi kliniki apimwe.

Mwaka 2011 watu maelfu, Wakenya wakiwamo, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za huko, rahisi; nauli ndiyo iliyouma. Wako waliofia kwenye foleni, na wako walioacha dawa za Ukimwi. Dawa hizo huzuia virusi visiongezeke. Ukiziacha vinaamka, hata kama mwili unajisikia mzima.

Kwa hiyo kikundi kikichanga kwa ajili ya mgonjwa, kwanza wekeni kando nauli ya kliniki, halafu tukutane tuombe, na tuombe kwa imani kabisa. Mhubiri akimwambia mgonjwa wenu atupe vidonge, mpelekeni kwa muuguzi siku hiyo hiyo, msingoje Jumapili.