Kamusi haiwezi kufuta maana ya neno

Mnamo mwaka wa 2012, toleo la sita la Xiandai Hanyu Cidian lilichapishwa nchini Uchina. Hii ni kamusi inayotegemewa na walimu, wanafunzi na wahariri wa nchi hiyo. Maneno mengi ya vijana yaliingizwa humo. Hata hivyo, maana moja inayofahamika na wengi iliachwa kwa makusudi. Mhariri mmoja alieleza hadharani kwamba watu wako huru kuitumia watakavyo, ila kamusi haingependa kuipigia debe. Neno lenyewe ni tongzhi.

Tong ni "sawa" au "moja". Zhi ni "nia". Tongzhi basi ni mwenye nia moja nawe. Katika wasia wake wa mwaka wa 1925, Sun Yat-sen aliwahimiza wenzake kwa jina hilo waendeleze mapinduzi ambayo hayajakamilika. Chama cha Kikomunisti kiliposhika hatamu mwaka wa 1949, tongzhi likawa la kila mtu: mkulima, mwalimu, dereva na waziri. Lilikusudiwa kufuta tofauti za mabwana na watwana, kama "Ndugu" lilivyotumika Tanzania enzi za Ujamaa.

Baada ya mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka wa 1978, neno hilo lilianza kupoa vinywani. Mwaka wa 1989, huko Hong Kong, msanii wa tamthilia Edward Lam alilitumia katika jina la tamasha la filamu kuhusu wapenzi wa jinsia moja. Watu hao hadi hapo walikuwa na majina waliyopewa na wengine: la kitabibu, tongxinglian, lililonuka hospitali, na ya matusi. Sasa walipata jina lenye heshima, nalo likavuka hadi Taiwan na Uchina bara.

Huko bara, sheria haikuwataja, lakini kosa la "uhuni" katika sheria ya jinai ya mwaka wa 1979 lilitumiwa kuwakamata. Kosa hilo liliondolewa mwaka wa 1997. Mwaka wa 2001, madaktari wa akili wa Uchina waliacha kuhesabu mapenzi ya jinsia moja peke yake kuwa ugonjwa. Kuanzia 2009 hadi 2020, Shanghai ilikuwa na tamasha lao la kila mwaka. Kisha mlango ukaanza kurudishwa: mwaka wa 2021 mtandao wa WeChat ulifunga kurasa za vikundi vyao vya vyuo vikuu, na 2023 kituo chao mashuhuri cha Beijing kikafungwa. Ajabu ni kwamba mwaka wa 2016 Chama kiliwataka wanachama wake waitane tongzhi kama zamani. Neno moja, wenyewe wawili.

Wapo watakaosema kuwa kamusi ni ya shule, na shule ina wajibu wa kulinda maadili. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inachanganya mambo mawili. Kamusi huorodhesha wizi, uhaini na uuaji, wala hakuna asemaye kwamba inavisifu. Kazi yake ni kushuhudia jinsi watu wanavyosema. Mwanafunzi anayesoma habari za tongzhi wa leo akapata kamusini maana ya chama pekee, amepotoshwa na kitabu alichokiamini.

Wanawake wa pwani yetu huitana "shoga" kwa mapenzi ya urafiki. Neno hilo hilo hurushiwa wanaume kama tusi. Hapo waliotukanwa hawakuulizwa. Wale wa Hong Kong walijichagulia jina wenyewe, na hilo ndilo lililowatia hofu wenye kamusi.

Mwalimu akiulizwa maana ya neno kama hili, na aieleze historia yake yote. Kumfuta mtu kitabuni hakumwondoi duniani. Hupunguza ukweli wa kitabu tu.