Wachora plani, chungeni mkono na macho



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, miwani ya kuchomelea, viatu vyenye chuma na vumbi la mawe. Leo tunaingia katika biro ya wachora plani, pale ambapo hakuna jiwe linaloanguka wala mashine yenye meno. Wenzetu wa shimoni wanacheka wakisikia kwamba desinatere naye anaweza kuumia kazini. "Anaumizwa na nini, na kiti?" Ndiyo, na kiti pia. Lakini zaidi anaumizwa na kitu kidogo kinachoenea katika kiganja: kile kipanya cha kompyuta ambacho sisi tunakiita suri.

Mchora plani mmoja, baba wa miaka zaidi ya arobaini, alikuja kwetu dispensere asubuhi mapema. Ndiye mwenye kuchora nyumba za kambi, masomo na vyumba vya kuvalia nguo vya wafanyakazi. Akaniambia: "Dokta, usiku vidole vinalala, na mimi silali." (Mimi si dokta, lakini watu wa kambi wanatuita sisi wote hivyo.) Nikamwuliza: "Baba, ni vidole gani?" Akanionyesha gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kidole kidogo hakikuwa na shida. Kisha akatoa katika mfuko karatasi yenye vidonge alivyonunua njiani, vya diklofenaki, ambavyo alikuwa akimeza miezi mitatu bila kumwuliza mtu. Tumbo lilikuwa limeanza kumchoma.

Maumivu haya tunayajua. Katika kifundo cha mkono kuna njia nyembamba kama bomba. Ndani yake inapita mishipa inayovuta vidole, na pamoja nayo mshipa mmoja wa fahamu unaokwenda kwenye gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kile kinachofuata. Ukiukunja mkono kwenda juu saa nyingi kila siku, ukibana na kubofya, mahali pale panavimba na ule mshipa wa fahamu unakosa nafasi. Kwanza vidole vinakufa ganzi usiku, mtu anaamka na kukung'uta mkono. Baadaye ganzi inakuja mchana. Mwishoni nyama ya chini ya gumba inapungua, kikombe kinaanguka mkononi, na hapo kazi inakuwa ya munganga mwenye kisu. Ugonjwa huu hautoki kwa suri peke yake. Wanawake wenye mimba wanaupata, na watu wenye sukari pia. Kwa sababu hiyo tunapima damu kabla ya kusema ni kazi.

Pengine mtauliza: wazee waliochora kwa mkono miaka thelathini, mbona hawakulia hivi? Mzee mmoja wa biro, aliyeanza kazi nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaïre, alinieleza vizuri. Meza yao ilikuwa kubwa na imeinama. Mtu alisimama, akazunguka, akavuta mstari kwa bega lote, akaweka kalamu chini, akanoa penseli, akangoja wino ukauke. Mwili ulipumzika bila kuamriwa. AutoCAD ilitoka Marekani mwaka wa 1982, na kidogo kidogo meza zile zikaondolewa. Sasa mstari wa mita hamsini na mstari wa sentimita tano vyote vinachorwa kwa mwendo ule ule mdogo wa kifundo. Hakuna wino wa kungoja.

Basi yule baba tulimpa nini? Tulimkataza vile vidonge, kwani diklofenaki, indometasini na ndugu zao vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Tukamfunga mkono kwa kibao chepesi cha kulala nacho, ili kifundo kikae sawa usiku, kwa wiki sita. Lakini dawa ya kweli haikuwa katika kabati letu. Nilikwenda naye biro, nikaketi nyuma yake nikamtazama akichora.

Nikaona mambo matatu mara moja. Kiti kilikuwa chini, meza juu, basi bega lake lilikuwa limepanda karibu na sikio. Suri ilikuwa mbali upande wa kuume, kwa sababu ile klavie ndefu yenye namba upande wa mwisho ilikuwa imeisukuma huko. Na kila kitu alikifanya kwa suri: kwenda juu kutafuta kipicha cha mstari, kubofya, kushuka, kuchora, kupanda tena kutafuta kipicha cha kufuta. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya paja kama mgeni. Nilihesabu mibofyo kwa dakika tano, nikachoka kuhesabu.

Hapo ndipo kijana wa idara ya kompyuta alitusaidia, maana mimi najua mshipa, yeye anajua mashine. Alimwonyesha kwamba mkono wa kushoto unaweza kufanya nusu ya kazi. Ukitaka mstari, bonyeza L kisha ule ubao mrefu wa nafasi, ambao katika AutoCAD unafanya kazi ya Enter. Ukitaka kurudia amri ile ile, bonyeza nafasi tena, basi. F8 inalazimisha mstari kwenda wima au mlalo, F3 inawasha na kuzima kule kunasa pembe na ncha. Herufi za amri nyingine zinatofautiana kidogo kama programu yenu ni ya Kifaransa, lakini ukiweka alama ya mstari wa chini mbele ya jina la Kiingereza, kwa mfano _LINE au _PURGE, programu ya lugha yoyote itakuelewa. Zile herufi fupi zimeandikwa katika faili inayoitwa acad.pgp, na shefu wa biro anaweza kuzipanga zote ziwe karibu na vidole vya kushoto.

Gurudumu la suri nalo lina faida ambayo wengi hawaijui. Kulizungusha kunaleta plani karibu au mbali, hilo kila mtu analijua. Lakini ukilibonyeza na kulishika, unavuta plani yote huku na huku. Na ukilibonyeza mara mbili upesi, plani nzima inaonekana katika ekra. Yule baba alikuwa akivuta vile vibao vya pembeni miaka yote hiyo!

Na zile namba za klavie? Desinatere hawezi kuziacha, kwani vipimo ndivyo chakula chake. Tulimtafutia kibao kidogo cha namba peke yake, kinachochomekwa kwa waya, tukakiweka upande wa kushoto, na klavie fupi katikati. Suri ikasogea karibu na mwili. Kuna pia suri zinazosimama wima, ambazo mkono unazishika kama unamsalimu mtu. Kwa wengine zinafaa, kwa wengine hapana. Kabla ya kuomba kompani inunue, jaribuni ya mwenzenu wiki moja.

Kiti ni hivi: kiwiko, pale mkono unapojikunja katikati, kikae karibu na ubavu na kwa urefu wa meza, kifundo kisikunjwe kwenda juu wala pembeni. Miguu ikaguse chini. Kama haifiki, ubao mmoja unatosha. Ekra iwe mbali kama urefu wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu usipite macho yako. Wenye miwani ya sehemu mbili waishushe zaidi, la sivyo watainua kidevu siku nzima na shingo itawalipiza. Kompyuta ndogo ya kubeba ni mbaya kuliko zote kwa kuchora, sababu ekra na klavie vimeshikana: ukiweka sawa macho, mikono inateseka. Iinueni juu ya kitu na mtumie klavie nyingine.

Sasa macho. Mtu anayetazama ekra anasahau kupepesa, na jicho linakauka, linawasha, linaona vitu viwili jioni. Wengi wanakuja kutuomba matone. Matone ya njiani yenye kortizoni ni hatari kubwa, yanaweza kupandisha presha ya jicho mpaka mtu akapofuka, msiyaguse. Kila dakika ishirini mtazame kitu kilicho mbali mita sita au zaidi, kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Mti wa mwembe nje ya dirisha unatosha. Dirisha lenyewe liwe ubavuni mwa ekra, si nyuma yake wala nyuma ya mgongo wako. AutoCAD inafunguka na ekra nyeusi, na weusi huo unageuka kioo: mchana unaona shati lako jeupe kuliko mistari. Kwa _OPTIONS mnaweza kugeuza rangi, na mtu mwenye umri mara nyingi anasoma vizuri zaidi mstari mweusi juu ya weupe. Ila hapo mistari ya manjano inapotea, basi mbadilishe rangi yake pia.

Kuna jambo jingine ambalo halifanani na ugonjwa, lakini mimi naliandika hapa kwa sababu linaleta wagonjwa. Ni umeme kukatika. Masika moja, radi zilipokuwa nyingi, mchora plani mmoja alipoteza kazi ya siku nzima, plani ya dispensere ndogo. Fundi wa kujenga alikuwa akingoja. Akairudia usiku, na usiku wa pili, macho mekundu, mkono unauma. Katika uchovu ule akachukua mlango wa choo, wa sentimita 70, akauweka kwenye chumba cha kutibia. Waashi wakajenga kama karatasi ilivyosema. Kapita wao ndiye aliyeuliza, ukuta ukiwa umefika juu ya mlango: "Kitanda cha magurudumu kitapita wapi?" Ukuta ukavunjwa. Ni heri ulivunjwa wakati ule, kuliko kungoja siku ya kumpitisha mtu anayetoka damu.

Kazi ile haikuwa lazima ipotee. AutoCAD inaweka nakala yake yenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Andikeni SAVETIME na mtaona namba, kwa kawaida ni 10. Iwekeni 5. Umeme ukikatika, nakala hiyo inabaki na mwisho wa .sv$, na SAVEFILEPATH inaonyesha iko katika folda gani. Mkifunga programu vizuri inafutika, basi isiwe ndiyo tumaini lenu la kila siku. Tena kila mnapohifadhi plani, ile ya mbele yake inabaki na jina lile lile na mwisho wa .bak. Mkibadilisha mwisho huo kuwa .dwg, na kuipa jina jingine ili isifunike ile mpya, inafunguka. Mambo haya hayana bei, na bado nusu ya watu niliowauliza hawakuyajua.

Ondulere, yaani lile sanduku lenye betri, kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kufunga, si za kuendelea kuchora. Betri yake inachoka baada ya miaka mitatu mpaka mitano hivi, na sanduku linaendelea kuwasha taa ya kijani likiwadanganya. Mlijaribu lini? Msichomeke humo mashine ya kupiga karatasi ya leza, inavuta nguvu nyingi mno. Na radi ikikaribia, ondulere haitoshi: hifadhi, zima, ondoa waya ukutani.

Kiangazi ni zamu ya vumbi jekundu. Linaingia katika mashine, feni inalia, mashine inapata homa na kuwa mzito. Kijana wa kompyuta anasema mashine nzito inamfanya mchoraji abofye mara tatu pale ambapo moja ingetosha, na hapo tunarudi kwenye mkono. Mashine izimwe, waya uondolewe, feni ishikwe kwa kidole isizunguke, ndipo vumbi lipulizwe nje. Plani zenyewe nazo zinabeba uchafu: _PURGE inatoa vitu visivyotumika, _AUDIT inatafuta makosa na kuyatengeneza.

Kwa wanaotaka kujipima, weka migongo ya mikono miwili ielekeane mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, viwiko vimeinuka. Kaa hivyo dakika moja. Ganzi ikija kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, njoo dispensere wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Uje na vidonge vyote unavyomeza, hata vya njiani, hatutakugombeza. Na kama una simu, mwambie mwenzako akupige picha ya ubavuni ukiwa unachora, bila kujiweka sawa kwanza.