Mwandishi wa Watoto na Kampuni Yake: Asenath Bole Odaga na Suala la Lugha nchini Kenya

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya watoto katika Afrika ya Mashariki wamezoea kumtazama mwandishi kando na mchapishaji wake. Ngano husomwa, wahusika huchambuliwa, maadili hupimwa. Jina la kampuni lililoandikwa chini ya jalada hupitwa kana kwamba ni anwani tu. Mazoea hayo huenda yasilete hasara kubwa anapojadiliwa mwandishi ambaye miswada yake ilipokelewa na kampuni kubwa za Nairobi au London. Kwa Asenath Bole Odaga (1937–2014) mazoea hayo yanaficha nusu ya kazi yake. Odaga aliwaandikia watoto kuanzia miaka ya 1960. Mwaka 1982 alianzisha kampuni ya Lake Publishers and Enterprises mjini Kisumu, pamoja na duka la vitabu aliloliita Thu Tinda. Makala haya yanadai kwamba hatua hiyo ya kibiashara ilikuwa pia hatua ya kiisimu. Aliyetaka mtoto wa Kenya asome kwa lugha anayoizungumza nyumbani, hasa ikiwa lugha hiyo haikuwa Kiswahili wala Kiingereza, hakuwa na budi kumiliki njia ya kumfikishia kitabu.

Neno uanuwai, linapotumiwa katika mijadala ya vitabu vya watoto, aghalabu huhusishwa na sura: rangi ya mhusika, jina lake, mavazi yake, mandhari anamoishi. Maana hiyo ni finyu. Kitabu kinaweza kuwa na mtoto mweusi kwenye jalada, mto wa Kiafrika katika sura ya kwanza na methali ya Kiafrika mwishoni, kisha kikamlazimu mtoto huyohuyo kuacha lugha yake mlangoni. Odaga alishughulika na maana zote mbili, ingawa si kwa mafanikio sawa.

Mwalimu kabla ya mwandishi

Odaga alizaliwa Rarieda, katika nchi ya Waluo kando ya Ziwa Viktoria. Alipata mafunzo ya ualimu Kikuyu katikati ya miaka ya 1950, akafundisha katika chuo cha ualimu cha Ngiya na katika Shule ya Wasichana ya Butere, kisha akawa mwalimu mkuu wa Shule ya Wasichana ya Nyakach kuanzia 1961 hadi 1963. Baadaye alifanya kazi za ofisini Nairobi, mojawapo ikiwa katika huduma za maktaba. Kwa hiyo kabla ya kuwa mwandishi alikwisha kuona kitabu kikiwa mikononi mwa msomaji wa kike, na alikwisha kuona pia rafu ambayo msomaji huyo huchagulia.

Vitabu vyake vya mwanzo, Jande's Ambition na The Secret of Monkey Rock, vilitoka mwaka 1966. Wakati huo uchapishaji wa wenyeji ulikuwa ndiyo kwanza unaanza: East African Publishing House ilikuwa imeanzishwa Nairobi mwaka 1965, na waandishi wengi wa kizazi cha kwanza walipitia hapo. Inafaa kutazama kile ambacho Jande's Ambition kinakiweka kwenye jina lake: msichana, na azma yake. Mtoto shujaa aliyekuja kupendwa kuliko wote katika vitabu vya Kiingereza vya Afrika ya Mashariki ya miaka iliyofuata alikuwa Moses wa Barbara Kimenye, mvulana mtundu wa shule ya bweni. Hapana ubaya kwa Moses, na vizazi kadhaa vimecheka naye. Ila msichana aliyemsoma alijikuta mtazamaji wa vituko vya wengine.

Baadaye Odaga alibuni mfululizo wa Kip: Kip on the Farm (1972), kisha Kip at the Coast na Kip Goes to the City (1977). Jina hilo, katika masikio ya Mkenya, linakumbusha majina ya Kikalenjin. Mwandishi Mluo kumpa mhusika wake mkuu jina la namna hiyo, kisha kumtembeza shambani, pwani na mjini, si jambo dogo katika nchi ambamo jina la mtu hutosha kumwekea mipaka.

Odaga aliingia Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa tayari mwandishi. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1974 na ya uzamili mwaka 1981, na katika kipindi cha 1976 hadi 1981 alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika ya chuo hicho. Hii ilikuwa miaka ambayo fasihi simulizi ilikuwa inapiganiwa nafasi katika mitaala, kufuatia hoja za Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong za mwaka 1968 na mkutano wa walimu wa fasihi uliofanyika Nairobi mwaka 1974. Matunda ya kipindi hicho ni pamoja na kitabu cha kiada cha fasihi simulizi alichoandika na S. Kichamu Akivaga (1982), Yesterday's Today (1984), na Literature for Children and Young People in Kenya (1985), ambacho ni miongoni mwa tafiti za mwanzo zilizoichukua fasihi ya watoto wa Kenya kuwa uwanja wa taaluma.

Lugha ya mtoto na soko la shule

Ili kuelewa kwa nini mtafiti wa aina hiyo aliingia katika biashara, ni lazima kuangalia sera ya lugha. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendelea Kiingereza kitumiwe kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 iligeuza mwelekeo: lugha inayotawala katika eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha Kiingereza kishike nafasi. Zilikuwapo tayari juzuu za Tujifunze Kusoma Kikwetu zilizoandaliwa katika lugha mbalimbali za Kenya. Hata hivyo, baada ya juzuu hizo mtoto hakuwa na cha kusoma. Alifundishwa herufi za lugha yake ili azitumie kusomea lugha nyingine.

Sababu ni ya kiuchumi zaidi ya kuwa ya kiitikadi. Mchapishaji nchini Kenya huishi kwa vitabu vya kiada. Kitabu kilichoidhinishwa kwa shule zote huuzwa kwa maelfu ya nakala; kitabu cha hadithi kwa lugha ya eneo moja, kisicho na mtihani, hakina mnunuzi wa hakika. Gharama ya kupanga herufi na kuchora picha ni ileile kwa nakala chache au nyingi, hivyo bei ya nakala moja hupanda kadiri idadi inavyoshuka, na mzazi mwenye fedha kidogo huzielekeza kwenye kitabu ambacho mwalimu amekiagiza.

Hapa wanataaluma wa Kiswahili wanapaswa kujitazama pia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi. Ulikuwa ushindi wa haki, uliongojewa muda mrefu, kwani mtihani uliotangulia haukukihesabu. Mara moja Kiswahili kikapata soko. Lakini ushindi huohuo uliongeza uzito katika upande mmoja wa mizani: saa za ratiba na shilingi za mzazi, ambazo hapo awali ziligawanywa kati ya Kiingereza na lugha ya nyumbani, sasa zikawa na mdai wa tatu mwenye nguvu ya mtihani. Dholuo haikuwa na silaha ya namna hiyo.

Waandishi wengine waliukabili ukuta huu kwa njia zao. Ngũgĩ alitoa vitabu vya Njamba Nene kwa Kikuyu kuanzia 1982, lakini nyuma yake ilikuwapo kampuni kubwa na jina lililovuma duniani. Grace Ogot alitoa riwaya ya Miaha kwa Dholuo mwaka 1983. Tanzania nako, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulipunguza hatari ya mchapishaji kwa kununua sehemu ya nakala na kuzigawa shuleni. Mwaka 1982 mjini Kisumu hapakuwa na mnunuzi kama huyo.

Thu Tinda

Katika masimulizi ya Waluo, thu tinda ni fomula ya kufungia ngano, kama vile msimulizi wa Kiswahili asemavyo kuwa hadithi yake imeishia hapo. Odaga alikuwa amekwisha kuitumia kama jina la mkusanyiko wa hadithi mwaka 1980. Kuliita duka kwa fomula hiyo ni jambo la kupendeza kwa mwanaisimu. Fomula hiyo haina kazi nje ya tukio la usimulizi. Ni tamko linalotendeka pale tu mtu anapomaliza kusimulia mbele ya wasikilizaji. Ikiwekwa kwenye ubao juu ya mlango, mpita njia anayejua Dholuo hawezi kuisoma bila kumsikia bibi. Asiyeijua huona jina tu. Kwa maneno mawili, duka limekwisha kuchagua nani ni mwenyeji wake, ingawa halimfukuzi mgeni.

Kuwa na duka na kampuni kwa pamoja kulikuwa na mantiki. Mchapishaji mdogo wa mkoani huumizwa zaidi na usambazaji kuliko na uchapaji: wauza vitabu huchukua nakala kwa mkopo, hukawia kulipa, na hurudisha zilizochakaa. Mwenye duka lake hukutana na mnunuzi ana kwa ana, na rafu inayobeba vitabu vya kiada inaweza kubeba pia kile ambacho hakuna muuzaji mwingine angekiagiza.

Katika kazi za Dholuo zinazohusishwa na Odaga kuna zile zilizojengwa juu ya hekaya za ziwani. Simbi Nyaima, tamthilia ya mwaka 1983, inachukua jina la ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay. Kwa mujibu wa hekaya, hapo palikuwa na kijiji chenye sherehe. Akaja ajuza aliyechoka, akanyimwa mahali pa kupumzika, na kijiji kikazama. Nyamgondho wuod Ombare wa Gwassi, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1986, ni mvuvi maskini aliyevua ajuza kwa wavu, akatajirika kwa ng'ombe, kisha akamtukana. Ajuza akarudi ziwani na mifugo yote ikamfuata. Hekaya hizi hufungamana na mahali panapoonekana. Mtoto wa Gwassi huonyeshwa ufuo ambako ng'ombe waliingilia majini. Zikisimuliwa kwa lugha nyingine ngano hubaki, lakini majina ya mahali huwa sauti zisizo na maana: nyaima humwambia msemaji wa Dholuo habari ya kuzama kabla hadithi haijaanza.

Kiingereza katika orodha ya Odaga

Hata hivyo, ingekuwa upotoshaji kumwonyesha Odaga kama mtetezi wa lugha moja. Sehemu kubwa ya vitabu vyake vya watoto, vikiwamo vya Munde na The Rag Ball vya mwaka 1987, viko kwa Kiingereza, na kampuni yake ilitoa riwaya za Kiingereza pia. Msomaji mkali anaweza kuuliza ikiwa mtetezi wa Dholuo hakujipinga mwenyewe. Jibu linalotolewa hapa ni kwamba orodha hiyo iakisi hali halisi ya mtoto wa Kisumu, anayeishi katika lugha tatu kwa siku moja. Kosa, kama lipo, halimo katika kuandika Kiingereza. Limo katika uwiano. Mtoto mdogo, ambaye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya lugha ya nyumbani, alipata vitabu vingi kwa Kiingereza, ilhali hekaya za Dholuo zilihitaji msomaji aliyekwisha kukomaa.

Sababu moja ya hali hiyo ni othografia. Dholuo huandikwa kwa irabu tano, lakini mfumo wake wa sauti unazo zaidi ya hizo, zikigawanyika katika makundi mawili kulingana na mkao wa shina la ulimi. Toni nayo haiandikwi. Hivyo kendo huweza kusomwa kuwa 'jiko la mafiga' au 'kuoa'. Mtu mzima hutatua utata huo kwa muktadha. Mtoto wa miaka sita, anayesoma neno baada ya neno, muktadha hajaufikia bado. Kiswahili, chenye irabu tano kwa herufi tano, hakimtwiki mtoto mzigo huo, na walimu waliozoea wepesi wake mara nyingi hudhani lugha nyingine zisizosomeka kwa urahisi zina kasoro.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imeipa serikali wajibu wa kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za wananchi, na mtaala wa umilisi ulioenezwa nchini mwaka 2019 ukazirudishia lugha za kiasili nafasi katika madarasa ya mwanzo. Odaga hakuishi kuuona mtaala huo. Alikuwa ametoa kamusi ya Dholuo na Kiingereza mwaka 2005, chini ya kampuni yake mwenyewe. Kamusi hiyo inatoka Dholuo kwenda Kiingereza. Mtoto anayetaka kuvuka kutoka Dholuo kwenda Kiswahili anazungushwa kwanza Uingereza. Daraja la pili lilikuwa kazi ya idara za Kiswahili, si ya duka la Kisumu.