Unanunua Yai au Unanunua Rangi?

Tangu trei ya mayai ianze kupanda bei, swali limebaki lile lile, na kwa kawaida anayeuliza amekwisha kujijibu: kwa kuwa mayai yamekuwa ghali, si afadhali ninunue mawili ya kienyeji yenye nguvu kuliko manne ya kisasa yasiyo na kitu? La, si afadhali. Hiyo ni hesabu ya hasara, na inaumiza familia kuliko bei yenyewe. Bei inapanda kwa sababu inayoeleweka. Kuku wa mayai hula karibu gramu 115 za chakula kwa siku, atage asitage, hivyo trei moja ya mayai 30 hugharimu zaidi ya kilo 4 za chakula kabla haijafika gengeni, bila kuhesabu wiki 18 hadi 20 alizolishwa kabla ya kutaga yai la kwanza. Chakula hubeba kwa kawaida asilimia 60 hadi 70 ya gharama za mfugaji, nacho ni mahindi, pumba, soya, mashudu ya alizeti na dagaa, vitu ambavyo na sisi tunavigombea. Mahindi yakipanda, yai hufuata. Homa ya ndege iliyopandisha bei za mayai Marekani mapema mwaka 2025 tuwaachie Wamarekani.

Ushahidi wa watetezi wa yai la kienyeji ni kiini. Wanakipasua, wanakuonyesha njano iliyokolea, wanaona kesi imekwisha. Kesi haijaanza. Rangi ya kiini hutokana na karotenoidi, rangi za asili zilizomo kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Kuku akidonoa majani, kiini kinakolea. Akilishwa mahindi meupe, ambayo ndiyo tunayolima zaidi, kinapauka. Watengenezaji wa chakula cha kuku wanalijua hili siku nyingi. Wana kipimo cha rangi ya kiini chenye ngazi 15, na wakiongeza rangi kidogo kwenye chakula, kuku ambaye hajawahi kukanyaga nyasi atakupa kiini cha njano mpaka umsifie mfugaji. Tena vitamini A iliyo tayari kutumiwa na mwili, yaani retinoli, haikolezi kiini. Kuku wa kisasa huipata kwenye mchanganyiko wa vitamini unaotiwa katika chakula chake, kwa hiyo kiini kilichopauka kinaweza kuwa na vitamini A ya kutosha kabisa. Jicho halipimi lishe, na anayekuuzia yai kwa rangi ya kiini anakuuzia rangi.

Tupige hesabu basi, kwa bei za mfano. Yai la kisasa lenye gramu 58 kwa shilingi 300 lina protini kama gramu 6.4. Yai la kienyeji mara nyingi halizidi gramu 40, na kwa shilingi 500 utapata protini kama gramu 4.4. Gramu moja ya protini umeinunua kwa shilingi 47 huku, na kwa shilingi 114 kule. Weka bei za mtaani kwako, uwiano hautabadilika sana. Ni kweli kwamba kiini cha yai la kienyeji huchukua sehemu kubwa zaidi ya yai, lakini hilo halifidii pengo la zaidi ya mara mbili. Na usishangae yai hilo kuwa ghali: kuku wa kienyeji anayejitafutia hutaga mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka, na mengi huyaatamia, wakati kuku wa kisasa hukaribia 300. Unalipia uhaba. Wakati mwingine hata uhaba wenyewe si wa kweli, maana mayai mengi yanayoitwa ya kienyeji ni ya chotara waliofungiwa bandani na kulishwa mfuko ule ule wa chakula.

Wabishi hawaishiwi. Eti yai la kuku asiyepandwa na jogoo halina nguvu: mbegu ya jogoo haiongezi lishe yoyote ya kupimika. Eti kuku wa kisasa wanatiwa homoni: wingi wa mayai yao umetokana na miaka mingi ya kuchagua mbegu, na mfugaji anayehangaika kununua pumba hana fedha ya kumdunga kuku mmoja mmoja. Kwenye dawa wana hoja. Wapo wafugaji wanaouza mayai huku kuku wakiwa bado kwenye matibabu, bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye pakiti, na hilo linapaswa kukaguliwa na kuadhibiwa. Lakini chotara naye hutibiwa, na kuku anayezurura hula alichokikuta. Mwaka 2005 mayai ya kuku huria kutoka jirani na jalala la Dandora, Nairobi, yalipimwa yakakutwa na sumu ya dioxini kupita kikomo cha Umoja wa Ulaya. Watakuletea pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania wa mwaka 2010, ulioonyesha kwamba mayai ya kuku wa malishoni yalikuwa na vitamini E maradufu na omega-3 zaidi ya maradufu. Utafiti ni wa kweli. Kuku wale walikuwa wakihamishwa kwenye malisho mabichi yaliyotunzwa, si wanaoparua uani kwenye vumbi la kiangazi. Na kama shida yako ni omega-3, kuna dagaa.

Dagaa wenyewe ndio jibu kwa wasioweza tena kununua trei. Nchini Ecuador, watoto wachanga waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita udumavu wao ulipungua sana, kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2017. Jaribio kama hilo huko Mangochi, Malawi, halikuleta tofauti hiyo, na moja ya sababu walizotaja watafiti ni kwamba watoto wa huko tayari walikuwa wanakula samaki sana. Kwa hiyo, haraka haraka: yai likiwa moja, apewe mtoto aliyevuka miezi sita au mjamzito, watu wazima wale maharage, kunde, karanga, dagaa. Changieni trei na jirani badala ya kununua moja moja. Kaangeni mayai mawili kwa mboga nyingi, yalishe wanne. Yenye ufa yaacheni, isipokuwa unayapika papo hapo hadi yaive. Linaloelea kwenye maji ni la zamani, lipasue pembeni ulinuse kwanza. Na wanaomeza yai bichi na asali waache: mwili hufyonza karibu nusu tu ya protini ya yai bichi, dhidi ya asilimia 90 hivi ya lililopikwa, na salmonela huja bure.

Anayependa ladha ya kienyeji alipe, fedha ni yake. Asimpunguzie mtoto mayai kwa jina la lishe.