Mtoto Akinona, Atoke Acheze

Kwetu pwani mtoto akinona husifiwa. Wageni humfinya mashavu wakasema mashaallah, na mamake akafurahi, kwani unene ni dalili ya nyumba iliyoshiba. Sifa hiyo ilizaliwa zama ambapo kukonda ndiko kulikokuwa hofu ya kila mzazi. Zama hizo zimegeuka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito walipita milioni 390, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene uliopindukia. Kisukari tulichokidhania kuwa ni cha watu wazima peke yao, leo huwapata watoto pia.

Mtaani kwangu, Mji wa Kale, Mombasa, yuko kijana wa miaka 9 ambaye wenziwe humwita Kibonge. Akipanda ngazi husimama katikati kutafuta pumzi. Mamake, kwa uchungu, akaamua kumkimbiza: kila alasiri azunguke darini mara 20, naye amesimama na ufito. Siku ya nne mtoto akajifungia chooni. Wala hakukosa, maana mchezo ukigeuzwa adhabu, mtoto huuchukia mwili wake kabla hajajua kuutumia.

Babake ndiye aliyemtoa. Aliacha kumpakia tuktuk, wakawa wanakwenda chuoni pamoja kwa miguu, na Jumapili asubuhi humpeleka Bamburi kuogelea. Neno uzito halitajwi. Sasa ni miezi minne. Hajakonda sana, lakini ngazi huzipanda bila kusimama.

Shirika hilohilo lataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kujishughulisha hata moyo upige mbio. Si lazima ziwe mfululizo. Sisi hatukuzihesabu, zilipita katika kibe na nage hata adhana ya magharibi ikatutawanya. Leo vichochoro vimejaa pikipiki, na mama anayemfungia mwanawe ndani na simu simlaumu kwa hofu yake. Ndiyo maana mtu mzima hana budi kutoka naye.

Walioonewa zaidi ni wasichana. Akifika miaka 10 huambiwa akae ndani, na kukaa ndani tumekufanya kuwa ni kukaa kitako. Ua na dari ni za nini? Kamba ya kuruka haimvunjii mtu heshima. Na anayedai kuwa dini yakataza, naarejee Sunan ya Abu Daud: humo imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, Bibi akamshinda; wakashindana tena baadaye, Bibi amekwisha kunenepa, naye Mtume akamshinda. (Wako wanaoniambia kuwa rakaa zatosha kwa mazoezi. Sala ni ibada, jamani, msiitwike kazi ya uwanja wa mpira.)

Chakula nacho kina sehemu yake. Soda na viazi karai vya kila jioni havifutwi na matembezi ya robo saa. Hata hivyo mtoto asishindishwe njaa, kwani angali anakua. Na akiwa anakoroma usiku au anahema kwa kazi ndogo, apelekwe kwa daktari.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu wa vyuo. Mtoto hukaa dawatini tangu asubuhi, akitoka huko huja kukaa kwenu mkekani. Chuo kimoja mtaani kwetu kimeanza kuwapa robo saa baada ya sala ya alasiri, wavulana uwanjani, wasichana uani. Mwalimu aniambia kuwa wakirudi huhifadhi kwa wepesi zaidi. Wiki ijayo nitakwenda kuwasikiliza mwenyewe.